Waliofungiwa Mlango na Ndugu Zao

Feri ya kutoka Southampton huchukua takriban saa moja kuuvuka mlangobahari wa Solent na kuingia East Cowes, kwenye mdomo wa mto Medina, kaskazini mwa kisiwa cha Wight. Abiria wengi hukaa ndani wakinywa chai. Mimi nilisimama nje, upande wa mbele, kwa sababu maji yale ndiyo yaliyonileta. Mwanzoni mwa Agosti 1909, Standart, meli ya starehe ya Tsar Nikolai II wa Urusi, ilitia nanga hapa. Humo walikuwamo Tsar mwenyewe, mkewe Alexandra, mabinti wao wanne, Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, na mdogo wao wa kiume, Alexei, aliyekuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka mitano. Walikuja kumtembelea Mfalme Edward VII. Kwa Alexandra, huyo hakuwa mfalme wa nchi ya watu. Alikuwa mjomba wake, aliyezaliwa tumbo moja na mama yake.

Wageni hao hawakulala nchi kavu hata usiku mmoja. Kwa kuhofia wauaji, ilipangwa walale melini mwao, wakizungukwa na manowari. Tena hawakupokewa kwa furaha na kila mtu. Wabunge wa chama cha Labour walipinga ziara ile waziwazi, wakikumbusha kwamba Januari 1905 askari wa Tsar waliwapiga risasi wafanyakazi waliokuwa wakiandamana kwa amani kwenda ikulu ya St Petersburg na ombi lao mkononi. Nataka msomaji alijue hilo mapema. Nikolai alirithi madaraka makubwa kuliko uwezo wake, akakataa kuyapunguza, na watu wengi walikufa kwa sababu hiyo. Nisemayo hapa juu ya familia yake hayamfutii damu ile.

Lakini kilichonivuta kisiwani ni undugu. Tazama ulivyofungamana. Mama yake Nikolai, Dagmar, na mama yake George, mtoto wa Edward VII aliyekuja kuwa Mfalme George V, walikuwa dada wa baba mmoja mama mmoja, mabinti wa mfalme wa Denmark. Kwa hesabu ya nyumbani kwetu, watoto wa dada wawili ni ndugu, na kila mmoja humwita mama wa mwenzake mama mkubwa au mama mdogo. Upande wa pili, Alexandra, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Alix, alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria kupitia binti yake Alice, kwa hiyo George alikuwa mtoto wa mjomba wake. Yaani George alikuwa ndugu wa mume na ndugu wa mke. Picha waliyopigwa George na Nikolai katika ziara ile, kwenye bustani ya Barton Manor iliyo jirani na Osborne, inawaonyesha wamefanana ndevu, macho na kusimama kwao kiasi kwamba mgeni hawezi kusema nani ni nani.

Kutoka gatini nilipanda kilima kwa miguu hadi Osborne, jumba ambalo Victoria na mumewe Albert walilijenga kati ya 1845 na 1851. Lina minara miwili kama majumba ya Italia, na ndani lina vyumba vingi kuliko mtu anavyoweza kuvitia akilini kwa asubuhi moja. Ukumbi wa Kihindi wenye nakshi nyeupe huwashangaza wageni wote. Mimi nilikaa zaidi kwenye chumba cha kulia chakula. Hapo, tarehe 1 Julai 1862, Alice aliolewa na Louis wa Hesse. Baba yake, Albert, alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia, na nyumba nzima ilikuwa bado kwenye matanga. Ndoa ikafungwa humo humo chumbani, bila shangwe, mama mtu akiwa na nguo za msiba. Bibi harusi huyo alikwenda kuishi Darmstadt, Ujerumani, na huko ndiko alikozaliwa Alix, Juni 1872.

Msiba haukumwacha mtoto huyo. Mwishoni mwa 1878 dondakoo liliingia nyumbani kwao Darmstadt. Likamchukua kwanza mdogo wake, Marie, kisha mama yake, Alice, tarehe 14 Desemba, siku ile ile aliyofariki Albert miaka 17 kabla. Alix alikuwa na miaka sita. Tangu hapo malezi yake yalisimamiwa kwa karibu na bibi yake. Walimu wa Darmstadt walitakiwa kumpelekea Victoria taarifa za masomo yake, na watoto wale waliofiwa waliletwa mara kwa mara Uingereza, hapa Osborne, Windsor na Balmoral. Ndiyo maana Alix alikua akifikiri na kuandika kwa Kiingereza, na hata alipokuwa Tsarina, barua zake na mumewe zilikuwa za Kiingereza. Warusi wengi walimwita Mjerumani na kumchukia kwa hilo. Mimi, baada ya kutembea Osborne, namwona kuwa mtoto wa nyumba hii kuliko nyumba nyingine yoyote.

Bibi yake hakutaka aende Urusi. Victoria aliiogopa nchi ile na kiti kile cha enzi, na alikuwa amekwisha kuumia kumwona Ella, dada mkubwa wa Alix, akiolewa huko 1884. Lakini Aprili 1894, huko Coburg, Alix alimkubali Nikolai, na bibi akainamisha kichwa. Majira yale ya joto msichana alikwenda Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, kuoga maji ya salfa kwa ajili ya maumivu ya miguu. Mwenye nyumba alimofikia alijifungua mapacha, wa kiume na wa kike. Wakaitwa Nicholas na Alix, na binti mfalme akawa mama yao wa ubatizo. Nikolai mwenyewe alikuja mwezi Juni, wakakaa siku kadhaa Walton-on-Thames nyumbani kwa Victoria, dada mkubwa kuliko wote, kisha Windsor, na mwisho Osborne. Ukisoma habari za miezi ile unaona vijana wawili waliopendana kweli, jambo lisilo la kawaida katika ndoa za wafalme.

Kutoka jumbani kuna njia ndefu inayoteremka katikati ya miti hadi ufukweni. Wageni wa kawaida waliruhusiwa kufika huko kuanzia 2012. Kibanda cha magurudumu ambacho Malkia alibadilishia nguo ili aingie baharini bila kuonekana bado kipo. Mchanga wake ni wa rangi ya kahawia, maji ni ya baridi, na upepo wa Solent hauna huruma. Watoto wa Nikolai waliletwa hapa 1909, wakaokota kombe na kuchimba mchanga. Nilikaa kwenye jiwe nikawatazama watoto wa leo wakifanya yale yale. Kati ya watoto wote wa Tsar walioshuka ufukweni siku ile, hakuna hata mmoja aliyeishi kufika miaka 23.

Olga na Tatiana, waliokuwa na miaka 13 na 12, waliomba kwenda kutembea madukani West Cowes. Wakaruhusiwa, wakiwa na walinzi wachache. Kwa wasichana waliolelewa nyuma ya ukuta wa askari, kutembea kwa miguu kwenye barabara ya mji, kuingia dukani na kuchagua kadi za picha wenyewe kulikuwa jambo kubwa. Watu walipowatambua wakajazana, umati ukawafuata mtaa kwa mtaa, nao hawakuogopa. Niliuvuka mto Medina kwa kivuko kinachojivuta kwa minyororo, mithili ya pantoni la Kigamboni lililofungwa kamba, nikaifuata barabara kuu ya Cowes. Ni nyembamba, imejaa maduka ya makoti ya mvua na vifaa vya mashua. Nilinunua kadi mbili za picha.

Mbali kidogo na Osborne, kando ya mto, liko kanisa la St Mildred, Whippingham, ambalo Albert alisaidia kulichora. Hapa Julai 1885 Beatrice, binti wa mwisho wa Victoria, aliolewa na Henry wa Battenberg, na miongoni mwa wasichana kumi waliomsindikiza alikuwamo Alix, mwenye miaka 13. Henry amezikwa humo kanisani. Alijiunga na vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti katika nchi ambayo leo ni Ghana, akapata malaria, akafia melini karibu na Sierra Leone, Januari 1896. Sisi tunaoijua malaria tunaelewa jinsi isivyochagua ukoo.

Beatrice alikuwa na siri, na Alice alikuwa nayo pia, bila wao kujua mapema. Victoria aliwapitishia mabinti zake hao himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, ambao mara nyingi mwanamke huubeba bila kuugua na mwanawe wa kiume ndiye huteseka. Kaka yao, Leopold, alikufa kwa ugonjwa huo 1884, baada ya kuanguka. Mtoto wa Alice, Friedrich, alikufa akiwa na miaka miwili baada ya kuanguka dirishani. Beatrice aliupeleka hadi Hispania kupitia binti yake. Na Alix aliupeleka Urusi. Baada ya mabinti wanne, mrithi aliyesubiriwa kwa hamu, Alexei, alizaliwa Agosti 1904, na wiki chache baadaye kitovu chake kikatoka damu isiyokatika. Mengi yanayosemwa juu ya Rasputin, yule mtu wa dini aliyeaminiwa kuwa mponyaji, yanaanzia kitandani mwa mtoto huyo. Mama aliyeona mwanawe akilia usiku kucha kwa maumivu, na madaktari wameshindwa, alimshika yule aliyeonekana kumtuliza. Siasa iliyofuata ilikuwa mbaya, lakini uchungu ule naweza kuuelewa.

George na Nikolai walionana kwa mara ya mwisho Berlin, Mei 1913, kwenye arusi ya binti wa Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, ambaye naye alikuwa mjukuu wa Victoria. Mwaka uliofuata vita vikaanza, ndugu wawili upande mmoja na wa tatu upande wa pili. Machi 1917 Nikolai alijiuzulu. Watoto wake walikuwa wanaugua surua, na yeye akawekwa chini ya ulinzi Tsarskoye Selo pamoja nao. Serikali mpya ya Urusi iliwauliza Waingereza kama wangempokea. Tarehe 22 Machi, serikali ya David Lloyd George ikajibu kwamba ndiyo.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Kabla ya Machi kwisha, Lord Stamfordham, katibu wa mfalme, alianza kumwandikia waziri wa mambo ya nje, Arthur Balfour, kwamba mfalme ana mashaka. Aprili barua zikawa kali zaidi: umma hautaki, vyama vya wafanyakazi vinanung'unika, ujio wa Tsar na hasa wa Tsarina utamharibia mfalme. Kufikia katikati ya mwezi huo mwaliko ulikuwa umeondolewa kimyakimya. Kwa miaka mingi lawama ilimwangukia Lloyd George, naye akanyamaza. Wasifu wa George V ulioandikwa na Kenneth Rose, uliotoka 1983, ndio uliowaonyesha wasomaji wengi kwamba mlango ulifungwa kutoka ikulu.

Najua wanavyomtetea George. Nchi ilikuwa vitani, chakula kilikuwa haba, watu walishangilia mapinduzi ya Urusi, na yeye mwenyewe alikuwa na jina la ukoo la Kijerumani. Hakuna aliyejua Aprili 1917 kwamba familia ile ingeuawa. Tena huenda wafanyakazi wa reli na baraza la Petrograd wasingewaacha wafike bandarini. Hayo yote nayakubali.  Lakini George alirudi nyuma kabla njia haijajaribiwa, na hakumwambia nduguye. Undugu ni kufaana, si kufanana, na wawili wale walifanana kuliko watu wote.

Tarehe 17 Julai 1917 George alitangaza kwamba ukoo wake sasa utaitwa Windsor. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, Nikolai, Alix na watoto wao watano waliamshwa katika nyumba ya Ipatiev mjini Yekaterinburg, wakateremshwa chumba cha chini na kupigwa risasi na Wabolsheviki, waliokuwa wameshika madaraka Urusi. Waliuawa pamoja na daktari Yevgeny Botkin, mtumishi Anna Demidova, mpishi Ivan Kharitonov na mhudumu Alexei Trupp. Watu hao wanne wangeweza kuondoka mapema, wakakataa kuwaacha. Nikifikiria nani alikuwa ndugu wa kweli wa familia ile, hao ndio wa kwanza kunijia.

Mfalme alihudhuria ibada ya maombolezo katika kanisa la Kirusi London mwishoni mwa mwezi huo. Na Aprili 1919 manowari ya Marlborough ilimchukua mama mdogo wake, Dagmar, kutoka Crimea pamoja na wengine wengi wa ukoo. Binti yake Dagmar, Xenia, alipewa nyumba Uingereza na kuishi huko hadi alipofariki 1960. Huko Crimea bahari ilikuwa karibu na Wabolsheviki walikuwa bado hawajashika kila mahali, kwa hiyo siwezi kulinganisha moja kwa moja. Ila inaonyesha kwamba mfalme alipoamua, meli ilipatikana.

East Cowes leo ina kumbukumbu ya mawe ya familia hiyo, iliyozinduliwa Julai 2018, miaka 100 baada ya mauaji. Iko kwenye bustani ya umma, karibu na mahali watoto huchezea mpira. Kulikuwa na maua ya plastiki na mshumaa uliozimwa na upepo. Nilisimama nikasoma majina yote. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Dar es Salaam, akaniuliza mambo haya yananihusu nini.

Nilimweleza habari ya Prince Philip. Mwaka 1991 mifupa ya watu tisa ilifukuliwa nje ya Yekaterinburg. Ilipopelekwa maabara ya Aldermaston, Uingereza, wataalamu Peter Gill na Pavel Ivanov walihitaji damu ya mtu anayetokana na upande wa mama wa Alix, kwa kuwa vinasaba vya mitokondria hupita kwa mama hadi kwa mtoto bila kuchanganywa na vya baba. Dada mkubwa wa Alix, Victoria, alimzaa Alice, na Alice alimzaa Philip, mume wa Malkia Elizabeth II. Philip alitoa damu yake, na 1993 jibu likatoka: vinasaba vilioana na vya Tsarina na mabinti watatu. Alexei na dada yake mmoja hawakuwamo. Mabaki yao yalipatikana 2007, si mbali na kaburi lile la kwanza. Sasa, Philip huyo ndiye aliyesimama Dar es Salaam usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, akimwakilisha Malkia, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Alikuja tena Zanzibar na Nairobi Desemba 1963. Wazazi wetu walimwona kwa macho yao. Damu iliyomtambua Alix ilisimama mbele ya umati wetu, na hakuna aliyejua. Mzee yule aliitikia kwa kichwa, akaomba nimwandikie jina la Aldermaston kwenye risiti yake.

Yule dada mkubwa, Victoria, amezikwa uani mwa kanisa la Whippingham na mumewe, Louis wa Battenberg. Nilikuwa nimepita kaburini pake bila kukaa, nikarudi jioni kwa makusudi. Ella, aliyekuwa mjane na mtawa akihudumia maskini wa Moscow, aliuawa Alapayevsk siku moja baada ya Alix, kwa kutupwa ndani ya shimo la mgodi akiwa hai. Waumini waliubeba mwili wake hadi Beijing. Victoria hakutulia. Alifanya mpango mwili uletwe, akaenda kuupokea Port Said na kuusindikiza hadi Yerusalemu, ambako mwaka 1921 Ella alizikwa katika kanisa la Maria Magdalena, kwenye Mlima wa Mizeituni. Alice, mama yake Philip, aliomba azikwe hapo hapo karibu na mama yake mdogo, na ombi lake lilitimizwa 1988. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ukoo wote ulitupa mkono.

Kabla ya kurudi nyumbani nilipita London, Westminster Abbey. Juu ya mlango mkubwa wa magharibi zimo sanamu kumi za mashahidi wa imani wa karne ya 20, zilizowekwa 1998. Wageni wengi hunyanyua simu, hupiga picha ya minara, kisha huingia. Mwafrika Mashariki afanye hivi: asimame barabarani, ahesabu kutoka kushoto. Wa tatu ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977, mwaka ule ule ambao nyumba ya Ipatiev ilibomolewa kwa amri ya Moscow. Wa nne, bega kwa bega naye, ni Ella.